Fomu Niliyoandika "Popote"

Kerubo mjukuu wangu,

Huku Nyamira tu wazima. Jicho la nyanya yako limepona, na Sabato iliyopita alijisomea Biblia mwenyewe.

Umeuliza kama ofisa mdogo wa wanamaji anaweza kumwambia mkubwa kazi anayoitaka, au angoje tu kupangiwa. Nikueleze yaliyonipata Mombasa miaka ya sabini, nikiwa luteni mdogo kama wewe.

Tulipewa fomu ya kuchagua kazi. Nyumbani nilifundishwa kutochagua chakula mbele ya wakubwa, basi nikaandika, "Popote." Siku ya kupangwa, karani akaninong'oneza kwamba nimewekwa bohari, miaka mitatu. Orodha ingetiwa sahihi saa sita. Ilikuwa saa tano u nusu.

Nilibisha hodi kwa kamanda aliyetupanga.

"Afande, naomba kwenda melini."

"Mbona hukuandika?"

Uongo ulinijia mdomoni, nikaumeza. "Niliogopa, Afande. Nimekulia milimani, Marani. Bahari inanitisha, na nikikaa bohari itanitisha daima."

Alichukua kalamu. "Meli zimejaa. Lakini sasa najua unataka nini."

Akatia sahihi mbele yangu. Nilikwenda bohari, moyo mzito.

Baada ya mwaka, ofisa mmoja wa meli alihamishwa. Kamanda yule aliniita kwa jina, wala hakuomba fomu.

Siku ya kwanza melini nilitapika hadi jioni, lakini bohari sikuitamani hata kidogo.

Mungu akutangulie utakapobisha mlango wa mkubwa wako.

Babu yako