Ndege wa Thelathini na Moja

Baba Mwanahawa,

Umeona nilivyokuita? Miaka mitano sijalitia jina hilo mdomoni. Nilikuwa nakuita "Mzee", na nikikasirika nakuita "huyo", na wewe ukaitikia yote bila kuuliza. Leo nimeliandika kwa mkono wangu mwenyewe, kwa herufi zetu za Kiarabu za chuoni, zile ulizokuwa ukisema zimelala chali.

Najua barua haikufikii. Mwalimu ameshanieleza kwamba kinachokufikia huko ni dua na sadaka, basi. Dua nakuombea kila baada ya swala. Lakini katika dua hakuna mahali pa kumgombeza mtu, na mie nina ugomvi na wewe, Kondo, ugomvi mkubwa, na umeondoka kabla hatujaumaliza.

Nimo edani, mwezi wa tatu huu. Sitoki ila uani. Jirani yetu Mwajuma ndiye anayenichotea maji na kunisengenyea watu, Mungu amlipe kwa yote mawili. Pasi zako mbili za mkaa ziko pale pale pembeni, zimeanza kushika kutu. Wazungu wako wa bomani wamekwisha kupata dobi mwingine, kijana wa Msimbu, na nasikia anaunguza kola za mashati. Nilivyosikia nilifurahi. Astaghafirullah, lakini nilifurahi.

Sasa nikwambie habari ya kopo lako.

Siku uliyolala mara ya mwisho, homa imekupanda, ulikuwa ukisema neno moja tu: "Mbwawa. Nipelekeni Mbwawa." Wanawake waliokuwepo wakanitazama mie. Nikawaambia, "Mwacheni, anamtaka ndege wake." Wakacheka kidogo, na mie nikacheka nao. Nilijua, au nilidhani najua. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi ulikuwa unapanda baiskeli na lile kopo la biskuti umelifunga nyuma, unakwenda Mbwawa kwa rafiki yako Kibwana, dobi mwenzio wa zamani anayefuga kuku sasa, mkabadilishane picha za ndege, zile zinazotoka kwenye pakiti za sigara. Unalala huko, unarudi Jumapili jioni miguu imejaa vumbi. Nikikuuliza, jibu ni lile lile: "Nimebakisha mmoja tu. Namba thelathini na moja. Nikimpata huyo, nimemaliza."

Miaka mitano mtu mzima anatafuta picha ya ndege! Nilikucheka mpaka nikachoka kucheka. Lakini ulipokufa na neno lile mdomoni, moyo uliniuma. Siku ya saba, baada ya hitima, nililifungua kopo, nikaapa kwamba kabla sijatoka edani nitakutafutia huyo ndege mmoja. Nikasema walau katika dunia hii Kondo awe na kitu alichokimaliza.

Tatizo ni kwamba nilikuwa sijui lolote. Kwangu mie zilikuwa picha tu, za kuokota kwenye mifuko ya mashati ya Wazungu kabla hujayaloweka. Ikabidi nianze kujifunza kama mtoto wa chuo siku ya kwanza.

Kibwana alipokuja gulioni na matenga yake ya kuku, alipita kutoa pole. Alikaa barazani, mie chumbani nyuma ya khanga niliyoitundika mlangoni, na Mwajuma kati yetu anachambua mchele, asije mtu akapata la kusema. Nikamwambia shida yangu. Akakohoa, akakohoa tena. "Shemeji, haya si mambo ya mtu mwenye msiba." Nikamwambia msiba ni wangu, na mwenye kujua linaloufaa ni mie. Wewe unanijua. Mwisho akakubali, kwa shingo upande.

Basi nikafundishwa. Zote hamsini zikiwa pamoja ni seti. Ile usiyokuwa nayo ni pengo. Ile uliyonayo mara mbili ni ziada, na ndiyo ya kubadilishana. Picha ambayo pembe zake hazijabonyea inaitwa kona kali. Picha iliyopauka ukingoni kwa kushikwashikwa wanasema ina mvi. Iliyokunjwa hata mara moja ni kilema, hata kama umeipiga pasi ikanyooka, na Kibwana alisema wewe ulijaribu kuipiga pasi moja mkagombana siku nzima. Sikujua. Hukuwahi kunisimulia, na siku hiyo nilikaa nyuma ya khanga namwonea wivu mwanamume mwenye matenga ya kuku kwa sababu aligombana na mume wangu juu ya kitu ambacho mume wangu alikipenda.

Halafu nikafanya kosa, kosa la mwanafunzi mgeni. Nilizitandaza picha mkekani, nikawatazama ndege sura zao. Kuna vindege vya rangi ya udongo, saba nadhani, mie nikaona vyote ni kitu kimoja, shomoro tu. Kimoja nikakiacha, sita nikaviweka kando, nikasema hizi ziada. Nikahesabu zilizobaki. Kibwana aliporudi nikamwambia, "Shemeji, mume wangu alisema pengo moja, mbona mie naona sita?"

Akacheka. Yule mzee alijisahau kabisa, akacheka mpaka kuku wakashtuka. "Shemeji, ziada haitambuliwi kwa uso! Geuza mgongo, soma namba. Kila ndege ana namba yake mgongoni."

Mara akainuka, akaanza kufunga matenga yake. Wakati ule sikuelewa kwa nini. Nadhani yeye alielewa kwamba mapenzi yake ya picha yamemponza.

Namba za Kizungu zilikuwa hazinipandi, na wewe ulijua. Mie nasoma za chuoni. Tano yetu ni duara, na duara yao si kitu, ni sufuri! Basi kumi yao mie nasoma kumi na tano. Nilimganda Kibwana mpaka akaniandikia kikaratasi, huku zetu, huku zao, akakipitisha chini ya khanga.

Nilikaa na kile kikaratasi siku nne. Siku ya tano, baada ya adhuhuri, nikazipanga migongo juu, safu tano, kumi kumi. Nilitaka nilione pengo kwa macho yangu, nijue namtafuta nani. Safu ya kwanza ikajaa. Ya pili ikajaa. Ya tatu ikajaa. Ya nne nikaanza na thelathini na moja, mkono umeshajiandaa kuruka, na picha ikawepo.

Nikasema nimekosea. Nikalinganisha na kikaratasi, tatu, moja. Nikazichanganya zote nikaanza upya, mara tatu, mpaka Mwajuma akaniuliza kama nimepatwa na wazimu. Hakukuwa na pengo. Nikamgeuza uso nikamtazama: mdiria, bluu, mdomo mrefu. Kona kali zote nne. Hana mvi hata chembe. Ndiye msafi kuliko wote mle koponi, kwa sababu hukumtoa, sivyo? Ulikuwa umemficha.

Loh, Kondo! Unajua nilichofikiri kwanza? Nilifikiri mwanamke. Wiki mbili nzima nilikuwa na mke mwenzangu Mbwawa, nikamjengea nyumba, nikampa sura, nikamtukana. Natamani angekuwa ni mwanamke. Huyo ningemchukia, yakaisha.

Kibwana alipokuja tena sikumsalimu. Nilimuuliza tu, "Pengo liko wapi?" Akashusha matenga yake, akakaa barazani. Kisha akasema, "Thelathini na moja nilimpa mimi mwenyewe, shemeji. Mwaka ule wa kwanza."

Akanieleza yote. Kwamba Mwanahawa, binti yetu niliyemfukuza, hakupotelea Ruvu kama nilivyotangaza, yuko Mbwawa, nyumba ya tatu kutoka kwake. Kwamba yule mkata mkonge aliyeondoka naye, niliyesema hana kwao, amelima, amejenga, na hajawahi kumpiga. Kwamba ulikuwa unafika pale Jumamosi jioni, unalala kwa mwanao, na Jumapili unakaa naye mpaka jua likianza kupinda. Picha mlizitazama nusu saa, ili uwe na la kuniambia.

Na ndoa! Miaka mitano nimewaambia watu kwamba binti yangu anakaa na mwanamume bila ndoa. Nimesema kisimani, nimesema kwenye harusi za watu. Kibwana akaniambia ndoa ilifungwa barazani kwake, na aliyeushika mkono wa bwana harusi ni wewe. Wewe, baba yake, ulimwozesha kwa mdomo wako, ukarudi nyumbani, ukala wali wangu, ukanisikiliza nikimwita mwanao hawara. Ulikuwa unanitazama kwa macho gani?

Uliniogopa. Hilo ndilo linalonichoma. Mie mkeo, si askari wa boma. Ungeniambia ningepiga kelele wiki nzima, ningevunja vyungu, ningekunyima chakula. Halafu? Nimejiuliza hilo siku nyingi, na sitakudanganya kama ulivyonidanganya. Halafu labda ningekufukuza na wewe. Ulinijua vizuri. Lakini hukunipa hata nafasi ya kuwa mtu mwingine, Kondo. Ulikwenda ukawa baba peke yako, ukaniacha hapa na hasira yangu, tena ukiniitikia "ndiyo, ndiyo".

Sasa nikwambie la siku ya maziko yako, maana wewe ulikuwa umefunikwa hukuliona. Alikuja. Mwanahawa alikuja mvua inanyesha, na mtoto wa kike amemshika mkono. Nilikuwa nimezungukwa na wanawake, nimemwona tangu njiani. Nikasema kwa sauti, wote wakasikia, "Huyo asivuke kizingiti changu." Alikwenda akakaa jikoni kwa Mwajuma, kwenye moshi, mpaka jeneza likatoka, akalisindikiza kwa macho, akaondoka. Alimlilia baba yake jikoni kwa watu.

Mwajuma aliniambia baadaye kwamba yule mtoto alikuwa anauliza, "Babu yuko wapi?" Nikamjibu babu gani, hajawahi kumwona. Mwajuma akainamisha kichwa. Sijui hata leo nani mwingine alikuwa anajua, sina uso wa kuuliza.

Mtoto anaitwa Mwanamvua. Jina langu. Walimpa jina langu baada ya yote yale, na wewe ukalitaja jina hilo kila mwezi ukimwita mjukuu, kisha ukarudi ukalitaja ukiniita mie, na sauti haikubadilika. Kibwana anasema ulikuwa unampa ziada zako achezee, na kwamba anazipanga kwa namba. Ana miaka minne. Anajua alichokuwa anajua babu yake, na bibi yake amekijua juzi, nyuma ya khanga, kwa kuomba.

Na ile "Mbwawa, nipelekeni Mbwawa". Ulikuwa unaomba mwanao, na mie niliwachekesha watu. Nikifunga macho ndilo ninalolisikia. Hilo siwezi kukulaumu wewe, ingawa nimejaribu.

Nilituma neno. Nilimwambia Kibwana, "Mwambie Mwanahawa aje." Sikusema nisamehe, sikusema tafadhali, ulimi wangu unaujua. Nikangoja wiki mbili. Kila baiskeli ikipita nasikiliza. Juzi Kibwana amerudi, ameshusha matenga, hajakaa. Nikamuuliza amesemaje. Akasema, "Amesema nikwambie kwamba alishakuja."

Basi. Neno lote ni hilo. Mwajuma alifunika uso kwa khanga. Mie nilikaa nikasema ni kweli, alishakuja. Huyo ni mwanangu, Kondo, huyo si wako. Hayo ndiyo majibu ambayo ningetoa mie.

Nimezirudisha picha koponi, zote hamsini, na kopo nimeliweka juu ya sanduku. Seti yako iko kamili na sina haja nayo. Sijakusamehe bado, na ukiniuliza lini, sijui. Nitaendelea kukuombea nikiwa na hasira. Mungu atajua la kufanya na dua ya namna hiyo. Ukae huko kwa amani, mume wangu. Akupe nafasi pana kaburini, na asikuulize mbele yangu habari za Jumamosi zako, maana nitazungumza.

Eda yangu imebaki siku arobaini na kitu. Siku nikiivua nitaoga, nitavaa, nitaondoka asubuhi kweupe kwa miguu yangu, polepole, nikichoka nitalala njiani kwa watu. Kopo lako sitalibeba. Wewe ulihitaji ndege ili ufike Mbwawa. Mie nitakwenda mikono mitupu, na kila atakayeniuliza ninakwenda wapi nitamwambia nakwenda kwa mwanangu. Akinifungia mlango sitagonga mara ya pili. Nitatafuta jiko la jirani yake lililo na moshi, nitakaa humo.

Mkeo,
Mama Mwanahawa