Meza ya Jumamosi Bila Ngano

S.L.P. 318,
Jumatatu, 9 Juni.

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto, na kwamba lile goti lako limetulia baada ya mvua kukatika. Sisi huku hatujambo. Wifi yako bado anashona mapazia ya watu, na madirisha yetu wenyewe yako wazi mpaka leo. Mkubwa wetu ameota ndevu chache na anazitunza kama bustani. Mdogo anauliza lini shangazi atakuja. Nimemwambia akuulize mwenyewe.

Kazi yangu ni ileile ya kufundisha watu udereva. Kila asubuhi nakaa kiti cha pembeni, mguu juu ya breki ya pili, namwombea mtu nisiyemjua asigonge nguzo.

Uliuliza katika barua yako kama ni kweli nilianguka kazini. Ni kweli. Nitakueleza tangu mwanzo, maana mbele kuna jambo linalokuhusu wewe, na ningependa ulifikie ukiwa umekaa.

Unakumbuka nilivyokuwa nikilalamika tumbo. Kila mtu alikuwa na dawa yake: huyu tangawizi, yule minyoo, mwingine mawazo. Nikaendelea kukonda mpaka mkanda ukaniishia matundu. Mwishowe daktari mmoja, msichana mwenye sauti ndogo, akaagiza damu ipimwe, kisha wakanipitishia mpira kooni kuangalia utumbo. Ugonjwa unaitwa siliaki. Alinieleza kwamba ndani ya ngano kuna kitu kinaitwa gluteni, ile gundi inayofanya unga uvutike ukikandwa. Mwili wangu ukiiona gundi hiyo unaanza kuushambulia utumbo wangu mwenyewe. Kikulacho ki nguoni mwako, dada, na mimi changu kilikuwa kwenye sahani. Shayiri nayo ina mambo hayohayo. Nikamwuliza dawa. Akasema dawa ni kutokula, hata chembe, maisha yote.

Wifi yako hakulia wala hakuhubiri. Alirudi nyumbani akatoa kila kitu kabatini, akafuta vumbi, akanunua mwiko mpya, chujio jipya na ubao mpya wa kukatia. Ile mikebe ya unga wa ngano aliigawa kwa majirani siku hiyohiyo. Tukaanza kujifunza upya kama maharusi. Wali, viazi, mayai, samaki, dengu, hivyo havikuwa na shida. Shida ilikuwa mkate. Mkate wake wa kwanza wa unga wa mchele ulimponyoka ukaanguka sakafuni, na jirani wa chini akapanda kuuliza kuna nini.

Sasa nikueleze habari za Hamira. Hamira ndiye rafiki yangu mwenye tanuri la mikate karibu na stendi, na jina hilo alipewa na watu kwa sababu kila akikaa mahali, mazungumzo yanaumuka. Mkewe alipofariki tulianza kula pamoja kila Jumamosi mchana ili asikae peke yake na sufuria. Tulikuwa yeye, mimi na wifi yako, na yule Mkunga anayeishi mtaa wa pili, ambaye nusu ya watoto wa mtaa wetu wamepita mikononi mwake. Wiki hii kwangu, wiki ijayo kwake. Popote tulipokula, Hamira alileta mkate wake, bado wa moto, umevikwa kitambaa kama mtoto mchanga.

Nilipomwambia siwezi tena kuula, alicheka. Akadhani ni utani. Alipoona sicheki, akasema baba yake alilisha mtaa mzima kwa mkate, na hajasikia mtu aliyezikwa kwa sababu ya huo mkate. Nikamweleza habari za utumbo. Akatikisa kichwa. Tangu hapo akawa anakuja na mkate wake vilevile, anauweka upande wa pili wa meza, na mimi nakula vyangu huku. Vicheko vikapungua. Mara nyingine alikuwa akiniangalia nikitafuna kama mtu anayemwangalia mwizi ambaye hana ushahidi naye.

Jumamosi moja zamu ilikuwa yake. Siku hiyo, ajabu, hakukuwa na mkate mezani. Kulikuwa na wali na mchuzi wa kuku, mzito, unang'aa. Wifi yako akamwuliza kama una ngano ndani. Akajibu hakuna, ni nyanya zimeiva tu. Nikala sahani mbili, dada. Nikamsifu. Nilikuwa nimefurahi kwamba hatimaye rafiki yangu amenielewa.

Jioni ilipoingia tumbo likaanza. Sitakuandikia yote, barua hii huenda ukaisoma wakati wa chakula. Jumapili nzima sikutoka chumbani. Jumatatu nikajifanya mwanaume, nikaenda kazini tumbo likiwa tupu kama ngoma. Mwanafunzi wangu asubuhi hiyo alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mama mtu mzima, ambaye kwa muda mrefu alikuwa hawezi kuegesha gari bila kupanda ukingo wa barabara. Ninachokumbuka ni kumwambia awashe taa ya kushoto. Nilipozinduka, gari lilikuwa limeegeshwa sawasawa, breki ya mkono imevutwa, na yeye amelalia honi mpaka watu wamekuja. Huwa namwambia hajawahi kuegesha vizuri namna ile tena. Anasema hajapata tena sababu.

Hospitalini walinitundikia maji. Nikarudishwa nyumbani nikiwa dhaifu, na Mkunga akaja kunitazama. Yeye hana maneno mengi. Alikaa pembeni ya kitanda akauliza nilikula nini tangu Jumamosi, chakula kwa chakula. Nilipofika kwenye mchuzi wa kuku, akatoka nje kupiga simu. Baada ya muda Hamira mwenyewe akaingia, kofia mkononi.

"Nilitia unga kidogo," akasema. "Ili mchuzi ushike."

"Unga gani?" Mkunga akauliza, ingawa alikuwa anajua.

"Wa ngano. Nilitaka ale, aone hakuna kitu, halafu nimwambie. Tungecheka sote. Jumamosi inayofuata angerudi kwenye mkate."

Hakuna aliyecheka. Wifi yako alikuwa amesimama mlangoni na beseni. Akamwambia, "Shemeji, mimi nilikuuliza. Kwa mdomo wangu nilikuuliza."

Hamira akaangalia chini. Mimi sikupandisha sauti, sikuwa nayo. Nilimwomba aende nyumbani, akaenda.

Jumamosi zikafa. Watu wakadhani nimekasirika. Labda mwanzoni. Lakini hasira huchoka, dada. Kilichobaki kilikuwa uoga. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Nikialikwa popote nilikuwa nachungulia chini ya jani la kabichi kama askari forodhani. Nilianza kukataa mialiko. Nikaona bora nile peke yangu jikoni, nimesimama, sufuria naijua na mwiko naujua. Wifi yako alivumilia, kisha siku moja akaniambia kwamba ngano imeninyang'anya nyama za mwili, na sasa naiachia ininyang'anye na watu. Nilikwenda kuosha gari ambalo lilikuwa safi.

Halafu asubuhi moja ya Jumamosi mlango ukagongwa. Wifi yako akafungua, akamkuta Hamira kwenye ngazi, ametoka kazini moja kwa moja, unga mpaka kwenye nyusi. Hakumpisha.

"Sikufukuzi," akamwambia, "lakini huo unga hauingii humu."

Nilikuwa sebuleni, nilisikia. Nilitegemea kusikia viatu vikishuka ngazi. Badala yake nikasikia viatu vikivuliwa. Nilipochungulia, yule mtu mzima, mwenye tumbo lake na heshima yake, alikuwa amevua viatu na shati palepale kwenye ngazi na anakung'uta nywele nje ya dirisha. Jirani wa chini akapita na ndoo ya maji, akasema, "Hamjambo," akaendelea na safari yake kana kwamba kila Jumamosi watu huvua nguo pale. Hamira akamwomba maji kidogo. Akanawa uso, shingo, mikono mpaka kwenye viwiko. Wifi yako akampa shati langu. Halikufunga vifungo vya tumboni. Hivyo ndivyo alivyoingia na kukaa mbele yangu.

Kisha akasema, "Ulipoutoa mkate wangu mezani, nilihisi umenitoa mimi. Marehemu alipoondoka, ule mkate ndio ulionipa sababu ya kuja kwenu. Nikaona, sasa nitakuja na nini?"

"Ungekuja mikono mitupu," nikamwambia.

"Sikujua kama inaruhusiwa."

Dada, mimi si mtu wa machozi na sikulia. Lakini nilijikuta sina pa kuangalia. Nilimwambia bado sitaweza kula kitu kilichopikwa nyumbani kwake. Akasema anajua, hakuja kuomba hilo. Alikuwa amekuja kuomba afundishwe, jikoni mwetu, kwa vyombo vyetu.

Basi akafundishwa. Wifi yako akamtolea unga wa mchele, unga wa mahindi, wanga wa muhogo, na zile mbegu ndogo zinazotoa ute zikilowekwa, ambazo ndizo zinashika mahali pa gundi. Hamira akaingiza mikono, akaanza kukanda kama alivyozoea. Unga ukamtiririka vidoleni kama uji. Akakanda zaidi. Akatuangalia kwa mshangao wa mtoto. Mtu aliyeoka mikate tangu akiwa kijana, leo hajui unga. Alitaka kuongeza hiki na kile, na wifi yako akamwambia asubiri, huu haukandwi, huu unakorogwa. Mimi nilikaa pembeni yake nikanyamaza, kama ninavyofanya na wanafunzi wangu wanapotafuta gia. Kazi imenifunza kwamba mtu anayejaribu kweli hahitaji makelele.

Mkate ulitoka na ufa katikati na umbo la kiatu. Mkunga aliitwa, akafika, akauzunguka akiukagua, akasema amezalisha wabaya zaidi ya huyo na wakakua. Tukala. Haukuwa mtamu sana, sitakudanganya. Lakini nilikuwa nimeuona tangu ukiwa unga, na mikono iliyoukoroga niliiona ikioshwa. Nilikula nikiwa nimekaa.

Siku hizi Jumamosi zote zinafanyika kwetu. Hamira anakuja ameshaoga, na shati safi analileta mkobani. Tanuri lake linaendelea kuuza mikate ya ngano, na kwake bado sili. Hilo haliudhi tena mtu. Hatujarudi kuwa kama zamani. Kuna mzaha fulani tuliokuwa nao ambao haujarudi, na pengine hautarudi. Lakini nakula na watu.

Sasa, jambo lako.

Daktari alinieleza kwamba ugonjwa huu hutembea katika damu. Ndugu wa tumbo moja wapimwe, na watoto wao pia wakiwa na dalili. Katika barua yako ya mwisho umeandika habari za binti yako, kwamba wenzake shuleni wanamwita Njiti, kwamba nguo za mwaka juzi bado zinamtosha, kwamba anashika tumbo baada ya chakula na anausukuma mkate pembeni, na mama mkwe wako anasema ni madeko. Uliandika kwamba mmekubaliana msimpe kitu kingine mpaka amalize mkate. Nimeisoma sehemu hiyo mara nyingi kuliko nilivyotaka.

Sisemi mpwa wangu anaumwa nilicho nacho. Mimi ni mwalimu wa udereva. Nasema mpeleke akapimwe damu, na wewe mwenyewe upimwe. Na hili ulishike sana: usimwachishe ngano kabla ya kipimo, maana daktari alisema mtu akishaiacha, kipimo kinaweza kuonyesha ni mzima kumbe si mzima. Ale kama kawaida, lakini vita vya mezani viishe, na asilazimishwe kumaliza. Majibu yakija, tutajua. Nauli ikiwa ngumu niambie, hilo ni letu sote.

Nilimwambia Hamira kwamba nakuandikia habari za Njiti. Aliacha kukoroga. Akaniomba nikuwekee maneno yake, nami nayaweka kama alivyoyasema: "Mwambie dada yako, mtoto akisema chakula kinamwumiza, amwamini kwanza, halafu ndiyo atafute ushahidi. Mimi nilianza na ushahidi."

Nisalimie shemeji, na umwambie namdai mchezo wa karata. Msalimie mama mkwe wako kwa heshima zote, na usimsomee ukurasa huu. Njiti mwambie mjomba wake anajua kuoka mkate unaofanana na kiatu, na siku akija atapewa kisigino. Wifi yako anakusalimu sana, na Mkunga anasema ukitaka kuuliza lolote umpigie, asubuhi ndiyo nzuri.

Mungu akulinde wewe na wote wanaokula mezani kwako, na kila kinachoingia vinywani mwao kiwe cha kuwajenga. Nitashinda karibu na simu siku utakayompeleka.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye kwa njaa na kwa shibe.