Taa ya Tangi Kwenye Chumba cha Eda

Alhamisi, mjini Ibra. Vumbi tangu asubuhi, jua limekuwa la manjano, na mimi sina hamu ya chochote.

Mama yumo kwenye eda. Tangi la samaki la marehemu baba lilikuwa majlisi, wanakoingia wanaume, na huko mama hawezi kwenda. Nikaona nimhamishie chumbani kwake, labda atapata cha kutazama zaidi ya ukuta. Tangu baba afariki hali chakula vizuri, wala hasemi ila akiulizwa.

Katika kulihamisha, taa ya baba ikavunjika. Ilikuwa imefifia, ya manjano, na samaki wameizoea. Nikanunua tyubu mpya sokoni, nyeupe, kali. Muuzaji aliisifu sana, nami ni mwepesi wa sifa za wauzaji. Kuiwasha tu juu ya kifuniko, samaki wote wakakimbilia nyuma ya mawe. Mama akabaki anatazama maji matupu.

Nikaiweka nyuma ya tangi. Wakatoka, lakini weusi kama mbegu za papai, ile mistari yao myekundu haionekani kabisa.

Leo baada ya alasiri nikajiona hodari. Nikaisimamisha mbele, juu ya kabati, ubavuni mwa kiti cha mama, ili mwanga uwafikie samaki kwa mbali. Mapazia yamefungwa, chumba kiza. Nikawasha. Rangi zikatoka, samaki wametulia. Nilifurahi, jamani, nilifurahi kweli.

Mama hakuwa akitazama samaki.

Mwanga ulikuwa umempiga na yeye, na uso wake mzima umo kwenye kioo cha tangi. Shangazi, dada yake baba, alikifunika kwa kanga kioo cha kabati siku ile ile ya msiba, maana kwetu mwenye eda hajitazami. Najua si sharia, ni mambo ya wazee, lakini mama ameyashika. Sasa mimi mwanawe nimemwekea kioo kikubwa kuliko kile.

Shangazi alikuwa mlangoni na birika la kahawa. "Khalas, basi, bibi wee, izime hiyo taa. Wamfanyia nini mamaako?"

"Mwache," akasema mama. Akajishika shavu, lililobonyea. Kumuuguza baba kumemkausha.

Kisha akaniuliza, taratibu tu, kama anayeuliza chumvi iko wapi: "Babaako aliniona hivi?"

Nikazima taa, nikajifanya nashughulika na waya.

Sasa nimeirudisha juu ya kifuniko, nimeisogeza ukingo wa mbele, na nusu yake nimeizungushia karatasi ya fedha ya jikoni ili mwanga ushuke kidogo tu, ndani ya maji. Samaki wanazunguka, wekundu wao waonekana, na kioo hakimwonyeshi mtu. Ndivyo ilivyotakiwa tangu mwanzo.

Lakini mama hawatazami. Ananitazama mimi, anangoja jibu.

Nalo ninalo. Siku za mwisho, hospitali, mama alipotoka kwenda kusali, baba alinivuta mkono akaniuliza yule bibi kizee anayemlisha uji ni nani. Nikamwambia, ni mkeo. Akasema hapana, mke wangu namjua.

Usiku mwema, kama usiku mwema upo. Kesho akiniuliza tena, nimwambie nini?