Jina Kwenye Risiti ya Maziwa

Jumatatu, 3 Juni

Nimekamua, nimepeleka maziwa kituoni, nimerudi, nimekaa kwenye kompyuta chai ikiwa bado ya moto. Baridi. Mlima haujaonekana tangu Ijumaa.

Leo nimetafsiri sehemu ya mzani. "Weka ndoo juu ya mzani." "Subiri." "Chapa risiti." Rahisi. Hizi mke wangu, Mama Upendo, angezisema huku anamenya ndizi.

Ndivyo tulivyokuwa tukifanya. Yeye alikuwa karani wa kituo. Programu ya maziwa ni ya Kiingereza, na kila asubuhi aliwaeleza watu kwa mdomo kioo kinasema nini. Siku moja akachoka. Akasema tuigeuze yote kwa Kiswahili, maana walioitengeneza wanamruhusu yeyote kusaidia. Jioni anakaa kitandani, miguu ameikunja, ananiambia maneno, mimi nachapa. Nimepiga chapa ofisini miaka mingi, vidole vyangu havihitaji macho. Wakati wa masika akafariki. Kazi ikabaki katikati.

Wenye programu wameandika: toleo jipya linatoka mwanzoni mwa Julai. Kiswahili kikikamilika kitaingia. Kisipokamilika, kitasubiri toleo jingine, na hawajui lini.

Imebaki sehemu ya makosa na sehemu ya wanachama. Ya wanachama sijaifungua.


Jumatano, 5 Juni

Risiti ya leo: Elifuraha, lita saba.

Ndilo jina la Mama Upendo. Ng'ombe ni wake, mwanachama ni yeye, mimi nilikuwa mbeba ndoo tu. Tangu tumzike hakuna aliyebadilisha. Kila asubuhi mashine inatoa kikaratasi chenye jina lake, nakikunja, natia mfuko wa shati. Napenda hivyo. Sijamwambia mtu.

Mama Kelvin, karani mpya, amekwama tena. Kioo kilileta sentensi ndefu ya Kiingereza, akabonyeza kitufe cha kwanza alichokiona, maziwa ya watu watatu yakafutika. Yalikuwa yameshamiminwa tangini. Ikabidi yaandikwe kwa kukumbuka. Wote watatu walikumbuka zaidi ya walicholeta.

Akanigeukia mbele ya foleni nzima: "Baba Upendo, hicho Kiswahili kinakuja kwa miguu au kwa punda?"

Watu wakacheka. Nami nilicheka. Lakini wale watatu walikuwa wameanza kushikana mashati.


Ijumaa, 7 Juni

Sehemu ya makosa. Kiingereza chake ni kikavu. "Kipimo hakikusomeka." "Maziwa hayakupokelewa." Huwezi kumwambia mtu hivyo. Kwetu habari mbaya haiingii ndani bila kubisha hodi.

Nimeweka "Pole" mbele ya kila moja. Pole, kipimo hakikusomeka. Pole, karatasi imekwisha. Penye jina la mtu wameweka mabano, kompyuta itayajaza yenyewe. Mwanzoni niliyatafsiri na mabano hayo, majina yote yakapotea. Sasa siyagusi. Kwa hiyo: Pole, fulani.

Nimeridhika. Nadhani Mama Upendo angeridhika.


Jumamosi, 8 Juni

Idris ameandika. Ndiye mkaguzi wetu, yuko Tanga, sijawahi kumwona. Sentensi haiingii mpaka yeye aikubali. Alianza na shikamoo mzee. Kisha akasema pole zimezidi. Karani atasoma pole kutwa nzima. Tena sentensi zimerefuka, huenda zisitoshe kwenye vijisanduku vya programu.

Nilikasirika. Nikamjibu kwamba huku juu watu wana adabu.

Akajibu: "Sawa mzee. Ijaribuni kituoni kwanza."

Najutia lile neno la adabu. Tanga hawajakosa adabu.


Jumapili, 9 Juni

Upendo alikuja kutoka Kijenge baada ya ibada. Alipika loshoro. Mahindi yameiva vizuri, mtindi umetosha, ila mama yake aliiacha ipoe kwanza kwenye kibuyu. Sikusema. Nilikula mara mbili.

Akauliza kama ng'ombe wetu, Subira, bado yuko kwa jina la mama. Nikasema ndiyo. Mwenyekiti wa kituo ametangaza, naye kasikia: toleo jipya likiingia, marehemu wote waondolewe kwenye orodha, warithi wajiandikishe.

"Baba," akasema, "mama hayupo kwenye karatasi."

Nikasema najua. Nikaenda kuosha vyombo. Niliosha hata vilivyokuwa safi.


Jumanne, 11 Juni

Siku mbaya.

Mama Kelvin aliweka toleo la majaribio. Foleni yote ilikuja dirishani. Yeye ana mazoea ya kusoma kwa sauti kila kinachotokea, kama anayesoma matangazo kanisani. "Weka ndoo juu ya mzani!" Watu wakapiga makofi. Mzee mmoja akasema kumbe mashine ilikuwa inaelewa siku zote, ilikuwa inaringa tu.

Ikafika zamu ya Naishiye, mama yake Lazaro. Mzani ukagoma. Kioo kikaleta sentensi yangu, lakini kijisanduku kilikuwa kifupi, kikaikata. Mama Kelvin akasoma kilichoonekana.

"Pole, Naishiye."

Akanyamaza, maana hapakuwa na zaidi. Yeye mwenyewe hakujua kinachofuata. Watu wakatazama chini.

Mama Lazaro akaweka ndoo. "Nani?"

Akatutazama mmoja mmoja.

"Semeni basi! Ni Lazaro?"

Lazaro ni bodaboda, kijiwe chake Sombetini. Mama yake akakimbia. Akaiacha ndoo, akaacha kiatu kimoja kwenye tope, akashika njia ya barabarani huku anamwita mwanawe. Mimi ndiye niliyejua ile sentensi inaishiaje, na mimi nikabaki nimeshika ndoo yangu. Mama Kelvin alimpata kwenye daraja. Wakapiga simu. Lazaro akapokea: "Mama, niko na abiria, vipi?"

Akaketi juu ya mawe. Alilia kama mtu aliyefiwa kweli. Kisha akarudi, akavaa kiatu chake, akaitazama kompyuta.

"Hiki kidude chenu hakina mama?"

Hakuna aliyecheka.

Nimerudi nyumbani sijanywa chai. Nakumbuka ile wodi. Nesi alitoka, akasema, "Pole, baba." Akaanza kutafuta maneno mengine. Sikuyahitaji. Nilikuwa nimeshaelewa kabla hajafunga mlango. Neno hilo moja lilitosha, na mimi nimelitawanya kwenye programu nzima kama chumvi.


Alhamisi, 13 Juni

Jana nilikwenda kwa Mama Lazaro na sukari. Kupanda kule kumenichosha. Alinipa chai. Nilimwambia maneno yale niliyaandika mimi, si Mama Kelvin, wala si kompyuta. Akaweka kikombe chini.

"Ulitaka kunifariji kabla hujanisumbua," akasema. "Sasa sikiliza, Baba Upendo. Maziwa yakiwa mabaya, sema maziwa ni mabaya. Pole uje nayo mwenyewe, kwa miguu, kama ulivyokuja leo."

Leo nimeondoa pole zote. Moja moja. Nimemwandikia Idris kwamba alikuwa sahihi, na kwamba aniwie radhi kwa neno la adabu. Hakujisifu. Aliuliza yule mama anaendeleaje. Akasema bibi yake mwenyewe angekimbia mpaka Muheza.


Jumatatu, 17 Juni

Nimefungua sehemu ya wanachama.

Imekwenda vizuri. Sajili mwanachama. Badili namba ya simu. Tafuta kwa jina. Idris anakubali haraka, nadhani ananivumilia kwa sababu ya umri.

Kisha hii. Sentensi ya kumwondoa mtu. Kiingereza chake kinauliza kama una hakika unataka kumfuta, halafu mabano ya jina. Chini yake kuna nyingine: ataondoka kwenye orodha, kumbukumbu zake za nyuma zitabaki.

Najua jina litakaloingia kwenye mabano yale kwanza pale kituoni.

Nimezima kompyuta. Nimesafisha banda. Nimebadilisha majani ya kulalia. Subira alinishangaa, nilishabadilisha asubuhi.


Alhamisi, 20 Juni

Sijaigusa. Tangu Jumatatu mpaka leo. Nafungua, naitazama, nafunga.

Idris ameandika: zimebaki hizo tu. Mlango unafungwa Jumapili jioni. Zisipojazwa, Kiswahili chote kinabaki nje. "Mzee, nikumalizie?"

Nikaandika ndiyo. Nikaiangalia ile ndiyo. Nikafuta nikaandika hapana, nitafanya mwenyewe.

Kituoni leo Mama Kelvin amerudia Kiingereza, toleo la majaribio limekwisha muda. Alibonyeza pasipostahili. Mama mmoja mjane, lita zake nne hazikuingia. Hakugombana na mtu. Aliondoka tu na ndoo tupu. Nilimwona mgongo mpaka alipopinda kwenye migomba.

Mimi nimeikalia sentensi moja, na yeye amekwenda na ndoo tupu. Sijapenda nilivyo.


Jumamosi, 22 Juni

Nimekumbuka kitu wakati nakamua.

Mwaka ule alipofariki mzee Saiteru, mke wake alikuja dirishani na ndoo. Alikuwa anaogopa. Alidhani jina la mzee likitoka, na yale yote waliyoleta pamoja yanatoka. Mama Upendo hakuanza na pole. Pole alikwishampa msibani. Alimwambia, "Mzee tunamtoa kwenye orodha ya wanaoleta. Alicholeta kipo. Hakiendi popote." Akageuza kioo, akamwonyesha. Yule mama hakujua kusoma, lakini aliziangalia zile safu mpaka chini. Kisha akataja jina lake mwenyewe liandikwe.

Nilikuwa nimesimama nyuma yake na ndoo yetu. Nilikuwa nawaza amechelewesha foleni.


Jumapili, 23 Juni

Baada ya ibada sikupitia kwa mtu. Nilikaa, nikachapa bila kusimama.

"Unamwondoa", mabano, "kwenye orodha. Alicholeta kinabaki. Uendelee?"

Vitufe viwili. "Ndiyo, mwondoe." "Hapana, rudi."

Niliisoma kwa sauti ndani ya nyumba. Nilihesabu kama itatosha kwenye kijisanduku. Inatosha, hata kwa mwenye jina refu.

Idris aliuliza jambo moja: kwa nini alicholeta, na si kumbukumbu za nyuma, kama Kiingereza kinavyosema. Nikamwandikia kwamba ndivyo karani wetu alivyokuwa akisema. Akauliza karani yupi, Mama Kelvin? Nikasema hapana, mke wangu, alifariki masika. Hakuwa anajua. Nilidhani niliwahi kumwambia. Wakati wote huu alikuwa anakagua maneno ya mke wangu bila kujua.

Akaikubali sentensi. Kisha akapiga simu. Mara ya kwanza kusikia sauti yake. Ni kijana kuliko nilivyodhani.

"Shikamoo mzee. Nimepiga kutoa pole, si ya kuandika."

Nikamshukuru. Hatukuongea mengi. Kwake jua kali, kwangu baridi.

Kiswahili kimekamilika.


Jumanne, 2 Julai

Toleo jipya limeingia jana. Mama Kelvin anasoma kila kitu kwa sauti kama kawaida yake. Mama Lazaro alipoweka ndoo, mzani ukagoma tena. Mama Kelvin akasoma: "Kipimo hakikusomeka. Weka ndoo upya." Mama Lazaro akaweka upya. Akanitazama pembeni, akasema, "Haya, huyu sasa ana mama."

Nilingoja foleni iishe. Nilitoa maziwa yangu kwanza. Risiti: Elifuraha, lita saba. Kisha nikamwambia Mama Kelvin niko tayari.

Alitafuta jina. Akabonyeza. Safari hii hakusoma. Aligeuza kioo kikanitazama mimi, akavuta kiti chake nyuma.

Unamwondoa Elifuraha kwenye orodha. Alicholeta kinabaki. Uendelee?

Yote ilitosha kwenye kijisanduku.

"Mimi au wewe, baba?" akauliza polepole.

Nikasema mimi. Nikabonyeza ndiyo.

Mama Kelvin akafungua ukurasa mwingine, hakuulizwa. Maziwa ya Elifuraha, siku kwa siku. Yapo. Kuna wiki moja mwaka jana ameleta nusu tu. Ni ile Upendo aliyougua, maziwa tukayabakiza nyumbani. Nilikuwa nimeisahau.

Nikajiandikisha. Jina, simu, ng'ombe mmoja.


Jumatano, 3 Julai

Mlima umetoka asubuhi, wote, mpaka juu. Subira ametoa lita sita na nusu.

Risiti: Zakaria. Ndilo jina langu.

Mama Lazaro alikuwa nyuma yangu. "Songa, mzee, maziwa ya wenzako yanapoa." Nikasonga.

Nilipofika nyumbani nikaingiza mkono mfukoni. Risiti ya jana, yenye jina la Elifuraha, ilikuwa bado humo na hii ya leo. Nimeziacha pamoja.