Rejeta za Taimoor

Nimra, achana na hiyo biriani usome hapa. Taimoor kaniuza. Taimoor, binamu yangu wa damu!

Unakumbuka nilitaka rejeta mbili nene za kupoza kompyuta yangu ya gemu? Akaniambia, "Dada, moja nyembamba inatosha. Mbili ni mbwembwe tu." Nikamwamini.

Leo kwenye fainali ya gemu, mimi na yeye, na joto hili la Karachi, nakaribia kumshinda, kompyuta ikapata moto ikajizima. Giza! Kombe akachukua yeye.

Nikaenda kumpongeza, Nimra. Kumpongeza! Natupa jicho kwenye kompyuta yake, naona rejeta mbili. Nene!

"Si ulisema moja inatosha?"

Akacheka. "Inatosha kwako."

KWAKO!

Nikampa mkono, nikatoka. Sasa niko kwenye riksho nalia, na mama yake ananipigia nirudi tukate keki.