Barafu Iliyokatwa Mara Mbili

Kirumba, Mwanza

Mama Gaudensia, mke wangu,

Pokea salamu zangu kutoka huku ziwani. Mimi ni mzima, ila kikohozi cha vumbi hakijaniacha. Vipi wewe, vipi watoto, vipi mguu wa mama? Barua yako ilifika bahasha ikiwa imetiwa gundi mara mbili, nikajiuliza nani aliifungua njiani. Unasema wote hamjambo na kila kitu kinakwenda kama nilivyosema. Vizuri. Lakini majuzi nilikutana na dereva wa lori kutoka kwetu Mbinga, akaniambia kahawa yetu ya bondeni imezaa kweli kweli. Nikamwambia amechanganya mashamba, maana ile mibuni niliagiza ing'olewe tupande mahindi, nawe ukaniandikia kuwa kazi imekwisha. Tuliache hilo kwanza.

Nataka nikueleze yaliyonipata kazini. Unajua tangu niache ualimu kazi yangu ni kuiandikia kompyuta maelekezo, ndizo hizo programu, ili ijue la kufanya. Bosi amenifanya mkuu wa vijana wawili: Magesa, mtu wa Musoma, na Kabula, binti wa Kiseke mwenye kichwa cha hesabu kuliko wote niliowahi kufundisha. Tumekiandikia programu kiwanda kimoja cha samaki. Mitumbwi ikileta sangara, kasha linapimwa, kompyuta inakata uzito wa barafu iliyomo, halafu inachapa karatasi yenye kilo za mvuvi. Sheria yangu ni moja tu: ukibadilisha hata mstari mmoja wa programu, andika kwenye daftari na utie sahihi.

Basi nikaona programu inabadilika na daftari halijaguswa. Mistari niliyoiandika kwa mkono wangu siikuti nilivyoiacha. Nikajua kuna mtu ananichimba. Siku hizi za soko huria kila mwenye chumba na kompyuta anafungua kampuni, na ng'ambo ya barabara kuna jamaa wawili wamefungua ya kwao, wanatuchungulia kila tukipita. Nikaanza kuwatazama vijana wangu kwa jicho la pembeni. Nikiingia ofisini maongezi yanakatika, halafu nasikia "Shikamoo mwalimu" mbili kwa mpigo, tamu mno. Mama Gaudensia, heshima ile ilinitia wasiwasi kuliko matusi.

Nikachapa programu yote kwenye karatasi, niliyoiandika mimi na iliyobadilishwa, nikazificha chini ya godoro. Droo ya disketi tunazohifadhia programu nikaifunga uzi mwembamba. Siku moja nikasema nakwenda kula, nikageuka njiani. Nikamkuta Kabula kwenye kiti changu, droo wazi, uzi uko chini.

"Unafanya nini hapo?"

"Nilikuwa naangalia tu, mwalimu."

"Nani amekutuma?"

Akainama akauokota uzi. Nikamwambia aende kwao, nikamwandikia bosi kwamba binti huyu anatuuza. Bosi akasema Ijumaa atamfukuza rasmi. Mimi nikafuta yote yaliyoguswa, nikapeleka kiwandani programu yangu ya mwanzo, safi. Nilitembea kifua mbele siku mbili nzima.

Siku ya tatu wavuvi wa Mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, wakagoma kupokea karatasi. Kilo zao zimepungua, wote. Mmoja akanitupia karatasi usoni akasema, "Baba, hii kompyuta yako inakula samaki?" Nikarudi nyumbani, nikatoa zile karatasi chini ya godoro, za mwanzo na zenye mabadiliko, nikazipitia kwa rula, mstari kwa mstari. Mahali saba pamebadilishwa. Pote saba nilikuwa nimekosea mimi. Barafu nilikuwa nimeikata mara mbili.

Nikamuuliza Magesa. Alisugua shingo weee, ndipo akasema, "Tulikuwa tunarekebisha sote, mwalimu. Tukiona umekosea, tunangoja utoke."

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Tungekuambiaje? Kabula si alijaribu?"

Nikakumbuka. Aliniambia siku moja, kwa sauti ndogo, "Mwalimu, labda tuiangalie tena barafu." Nami nikamjibu, "Nani alimfundisha mwenzake, mimi au wewe?" Magesa alikuwepo, akacheka kunifurahisha. Niliona aibu, mke wangu, aibu ya kutaka kuingia chini ya meza.

Alhamisi nilikwenda kwa bosi nikamwambia mwizi hayupo, yupo mkosaji, naye ni mimi. Kisha nikaenda Kiseke. Kabula alikuwa anaanua nguo na mama yake. Akanipa shikamoo ileile. Nikamwomba radhi mbele ya mama yake, nikamwomba arudi kazini. Alikunja shuka mpaka likaisha, akasema, "Nitarudi, mwalimu. Lakini kosa nitaliandika kwenye daftari, pamoja na jina la aliyelifanya." Nikakubali, ingawa lilinichoma. Sasa daftari lina jina langu mara saba, kwa mwandiko wake mzuri. Na bado Magesa akiniambia "sawa mwalimu" haraka haraka, namsimamisha namuuliza sawa ya nini.

Sasa narudi kwako. Jana nimetoa barua zako zote, nikazipanga mezani, nikazipitia kwa rula ileile. "Kama ulivyosema." "Kama ulivyoagiza." Hakuna hata moja inayonipinga. Mara ya mwisho uliniambia hapana ilikuwa juu ya kumhamisha Gaudensia shule, na najua nilivyofoka siku ile, hata mama akatoka nje. Tangu hapo hujakosana nami kwa neno hata moja. Mke gani yuko hivyo?

Niambie kweli, mibuni ya bondeni ipo? Kama uliing'oa kwa sababu yangu, nisamehe. Kama ipo, iache, na asante. Nyuma ya karatasi hii sijaandika kitu. Jibu hapo hapo, karatasi hii hii nirudishiwe, na uanze na yale niliyokosea.

Msalimie mama, mwambie asiusimamie sana ule mguu. Msalimie kaka yako fundi seremala, na shangazi wa kanisani. Gaudensia mwambie nimemtunzia kalamu nyekundu, lakini kwanza akuazime yake, unisahihishe nayo.

Ni mimi mumeo,
Kosmas