Zile Kahawa Mbili Ulizotafuna

Koku amekuwa wa kwanza! Baba Koku, unanisikia? Wa kwanza kwa hesabu za kichwa, darasa la nne lote, mbele ya wazazi wote, na mimi mama yake nimekaa benchi la mbele na kile kitenge ulichoninunulia. Nilipiga vigelegele mpaka mwalimu mkuu akaniomba nipunguze. Sikupunguza.

Nisamehe, sijakuuliza hata habari za huko. Sisi hapa Chonyonyo hatujambo. Ule mgomba wa nyuma ya jiko, uliosema niukate kwa kuwa hautazaa, umebeba mkungu unaoishinda mingine yote. Hapo nimekuweza. Ila nyumba imekuwa kimya, na jioni ndiyo ngumu.

Unazikumbuka jioni zetu? Mimi namenya ndizi, wewe na Koku mko mkekani, katikati yenu kile kikapu kidogo cha punje za kahawa za kutafuna. Wenzako kahawa zile huwapa wageni. Wewe uliwapa wageni zilizobaki, maana kwanza ilikuwa lazima zifundishe hesabu. Unazipanga mistari mitatu, kila mstari kahawa nne. "Tatu mara nne?" Koku anahesabu kwa kidole: "Kumi na mbili!" Nawe unajishika kichwa: "Waitu, huyu mtoto kanizidi!" Kila siku maneno ni yaleyale, na kila siku anacheka kama hajawahi kuyasikia.

Mkafika saba. Ilikuwa wiki ile ya mwisho kabla ugonjwa haujakulaza kitandani. Saba mara nane, mkapanga, mkahesabu, mkapata hamsini na nne. Nilikuwepo, nilisikia kwa masikio yangu, nikajisemea, nimeolewa na mwanamume mwenye akili.

Tulipokuzika Koku akaacha hesabu. Kusoma anasoma, kuimba kanisani anaimba, lakini hesabu hapana. Daftari lilikuwa linarudi nyumbani jeupe kama lilivyokwenda. Mwalimu wake, Mwalimu Jovitha, wewe hukumkuta, ni binti mdogo kutoka Muleba lakini ana utulivu wa mtu mzima, akaniita. "Mama Koku, akiendelea hivi mtihani wa mwaka huu hatapita. Atarudia darasa." Koku wetu, arudie! Mimi niliyewatangazia majirani wote kwamba huyu atakuwa injinia! 

Mwalimu alikuwa ameniuliza kama tuna simu ya kupangusa. Iko, ni yako. Niliifungia sandukuni pamoja na koti lako, nikaapa haitaguswa. Nikaitoa. Nilipoiwasha sura yako ikatokea, umevaa ile kofia ya shambani... basi, hapo nilikaa kidogo.

Mwalimu akatuwekea gemu ya hesabu. Kuna chura na mto na mawe. Swali linatokea, majibu matatu chini yake. Ukibonyeza lililo sahihi chura anaruka jiwe moja mbele, ukikosea anatumbukia majini, chubwi, mnaanza upya. Dakika kumi kwa siku, mwalimu alisema, si zaidi. Siku ya kwanza Koku hakutaka. Siku ya pili nikacheza mimi, nikamzamisha chura makusudi. Sawa, si makusudi. Akaninyang'anya simu: "Mama, unamuua!" Na hapo akaanza. Mbili, tatu, nne, tano, sita, alivuka mito yote kama upepo. Niliwaambia watu mpaka Ihembe.

Akafika mto wa saba, akakwama.

Saba mara nane. Anabonyeza hamsini na nne, chubwi. Kesho yake tena hamsini na nne, chubwi. Nikamwambia, jaribu jibu lingine, mwanangu. Akanitazama macho yamejaa machozi. "Mama, nikibonyeza lingine Baba atakuwa mwongo." Akaiweka simu chini, na madaftari akayasukuma pembeni kama mwanzo.

Sasa usinicheke. Nilijifunga khanga nikaenda shuleni moja kwa moja. "Mwalimu, chura wako hajui hesabu! Mume wangu alizihesabu kwa mkono wake, na mimi niliona." Yule binti hakunicheka. Akasema, "Mama, gemu inamzoesha tu, haiwezi kumwonyesha kwa nini. Nendeni mkazipange tena kama alivyozipanga Baba yake."

Tukaketi mkekani. Kikapu kilekile. Mistari saba, kila mstari kahawa nane. Koku akahesabu: hamsini na sita. Akarudia: hamsini na sita. Mdomo ukaanza kumcheza. Na mimi, Baba Koku, nikauona mkono wako. Nikauona kabisa! Ule mkono wako wa kushoto uliokuwa hautulii, kidole cha mkono wa kulia kinahesabu, wa kushoto unachukua kahawa unatupa mdomoni. Ulitafuna mpaka mbele ya Padri.

Nikamwambia, "Koku, Baba yako hakukosea. Zilikuwa hamsini na sita. Mbili alizitafuna."

Akazitazama kahawa. Kisha akacheka. Ile sauti sikuwa nimeisikia tangu tukuzike. Alicheka mpaka akalala chali juu ya mkeka, kahawa zikatawanyika, na mimi nikacheka nikilia, ndizi zikaungua jikoni. Halafu akachukua simu, akabonyeza hamsini na sita. Chura akaruka.

Tangu siku ile hahitaji kuambiwa afanye hesabu. Ijumaa kwenye mashindano waliulizwa maswali mpaka wakabaki wawili, Koku na mtoto wa yule jirani yetu anayejisifu kuliko hata mimi. Nilikaa nikiingoja saba mara nane. Haikuulizwa. Waliulizwa tisa mara sita, na mwanao akajibu kabla mwalimu hajafunga mdomo: "Hamsini na nne!" Nilijua mtu wa kunishika mkono pale ungekuwa wewe.

Nakuahidi hatarudia darasa, wala simu yako hairudi sandukuni. Lala salama, Mwalimu wetu wa mkekani.

Misa yako ya kumaliza matanga imepangwa. Kaka yako anakuja na watu wa Kamuli, dada zako wote, na Mwalimu Jovitha nimemwalika. Koku ndiye atakayepitisha kikapu. Ameshahesabu, ni kahawa hamsini na sita: hamsini na nne za wageni, na mbili atakuletea mwenyewe pale kaburini. Tutaonana Jumamosi.